Nusu Kichwa, Bei Kamili

Vijana wa siku hizi watanitoa roho, na saluni ile sirudi.

Jumamosi nasimama mbele za watu. Mimi ni baba mdogo wa bibi harusi, nina cheo, nikaona nikanyolewe mapema. Nimekaa kitini, shuka shingoni, heshima zote. Benchi la nyuma vijana na mikeka yao ya kubeti, wanamjua hadi kipa wa akiba wa daraja la pili Uturuki. Mmoja, mwanachuo kabisa, akatamka kwamba kwenye michezo ya vyuo vya Marekani hajawahi kutokea Mtanzania wa maana.

Mashine ilishafika utosini. Nikamwambia kinyozi, simama kwanza.

"Dogo, Suleiman Nyambui unamjua?"

"Anachezea wapi?"

Anachezea wapi! Jamani. Nikaanza taratibu, kama mzee anayesuluhisha ndoa. Chuo Kikuu cha Texas, pale El Paso, mpakani na Mexico, jua kali. Ubingwa wa vyuo vya Marekani, mita 10,000: 1979 kachukua. 1980 kachukua. 1981 kachukua. Kinyozi, mashine ikinguruma hewani, akauliza hiyo ni mizunguko mingapi ya uwanja.

"Ishirini na mitano."

"Anamkimbiza nani, mzee?"

Benchi zima likaangua kicheko. Nikapandisha sauti: na 1982 pia! Minne mfululizo! Na hapo katikati akaenda Olimpiki ya Moscow, akarudi na fedha ya mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia.

"Kumbe alifungwa," akasema dogo.

Alifungwa! Mwaka ule wa 1980 tulipata fedha mbili, yake na ya Filbert Bayi, na hadi leo tunaziimba hizo hizo. Mtoto anasema alifungwa! Nikatoa simu nimwonyeshe. Bando limekata. Nikaomba mtu anirushie kidogo tu. Kimya. Watu wanaofuatilia mechi za Uturuki usiku kucha!

Hapo fundi viatu wa mlangoni, aliyewahi kuishi Nairobi, akadakia: Henry Rono je? Mwanachuo wa Washington State, 1978, rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Kweli tupu, sibishi, ila nani kamwita? Akaanza kuzihesabu kwa vidole: mita 3,000, 5,000, 10,000, na ile ya kuruka viunzi na maji. Akahamia Kenya ilivyosusia Olimpiki za 1976 na 1980, Rono wa watu asizionje. Simulizi likamkolea kinyozi, akaweka mashine mezani asikilize vizuri. Mezani! Na kichwa changu nusu!

Umeme ukakatika.

"Jenereta?"

"Halina mafuta, mzee."

"Wembe?"

"Labda ukanunue."

Na hela anataka yote. Nikamwambia nusu kichwa, nusu bei. Anasema upande mgumu ndio alioumaliza! Dogo naye, bila hata aibu: "Mzee, huyo Nyambui odi zake zilikuwa ngapi?"

Nikatoka. Sijafika hata kituoni, mwenyekiti wa kamati ya harusi anapiga, eti mchango wangu bado. Nimeshatoa! Mweka hazina anajua, daftari analo, sasa anapatikana kwa msimu. Na hiyo keki ya ghorofa tano nani aliipitisha? Kikao gani? Mimi nilikuwepo, tulikubaliana maandazi.