Maneno yaliyokatwa njiani

Wiki iliyopita nilifungua kamusi tunayoiandaa kwa ajili ya wavuti, nikatafuta "kusi". Nikasoma: "upepo unaovuma kutoka". Ikaishia hapo. Nikajaribu "jahazi": "chombo cha baharini kinachoendeshwa kwa". Mwili ukanisisimka.

Mwenzetu mmoja alikuwa ameliona faili letu la XSLT (lugha ya kugeuza nyaraka za XML ziwe, kwa mfano, kurasa za wavuti) ni la kizamani, akalifuta na kuandika skripti ya Python, lugha nyingine ya programu. Kwenye XML yetu, yaani faili ambamo maandishi huzungushiwa lebo, kusi imekaa hivi:

<maana>upepo unaovuma kutoka <rejea>kusini</rejea> kuelekea kaskazini</maana>

ElementTree, maktaba ya Python ya kusomea XML, huyahesabu maneno yaliyotangulia lebo ya ndani kuwa text ya maana, na yanayoifuata kuwa tail ya rejea. Ukiomba text peke yake unapewa kipande cha sentensi, wala hakuna ujumbe wa hitilafu wa kukushtua. Maelfu ya vidahizo, yaani maneno yanayofafanuliwa kwenye kamusi, yakakatiwa maelezo kimyakimya.

Hili linaniuma kwa sababu XSLT ilibuniwa kwa maandishi ya namna hii hii. Tangu toleo la kwanza, Novemba 1999, kanuni zake za msingi ni hizi: elementi (lebo na vilivyomo ndani yake) usiyoiandikia kiolezo, yaani kanuni ya kuigeuza, inapitiwa ndani, maandishi yakikutwa, yanatolewa kama yalivyo. Neno halipotei mpaka kiolezo chako mwenyewe kilizuie. Unaandika kiolezo kimoja cha kugeuza rejea kuwa kiungo, unaita apply-templates (amri ya kutumia violezo), umemaliza. Rejea iwe ndani ya maana, ndani ya mfano wa matumizi au ndani ya tanbihi, itashughulikiwa palepale ilipo. Huna haja ya kubashiri mwanakamusi ameiweka wapi. Na wanakamusi huiweka popote, wala siwalaumu; lugha ndivyo inavyokwenda.

Wengi wanaoichukia XSLT waliiandika kama Java, lugha ya kutoa amri hatua kwa hatua: for-each (mzunguko) ndani ya for-each, choose (uchaguzi wa masharti) juu ya choose. Ikiandikwa hivyo, hata mimi siitaki. Jamani, acheni waraka uongoze, ninyi andikeni kanuni!

Haya, nakubali ina maneno mengi. Kupanga vitu kwa makundi katika toleo la 1.0 ni mateso, na dawa ilikuja na 2.0 mwaka 2007. Ukisahau nemspesi (jina linalotofautisha seti moja ya lebo na nyingine), violezo vyako havishiki chochote. Majedwali ya tarakimu tupu fanyeni na Python, sina ugomvi. Na mwaka 2025 Chrome walitangaza kuiondoa kwenye kivinjari chao, ambako miaka yote iliganda kwenye 1.0. Inasikitisha, lakini sisi tunageuza faili zetu kwenye seva, na huko programu ya Saxon inatupa 3.0.

Jana nilikaa na kijana yule aliyeandika skripti. Tumelirudisha faili la zamani, na sasa tunalinganisha matokeo kidahizo kwa kidahizo. Tumefika herufi M.