Kamati ya kanuni za ujenzi bila fundi hata mmoja

Nimesoma tangazo la kaunti moja ya Bonde la Ufa linaloalika wananchi kutoa maoni kuhusu rasimu ya kanuni za ujenzi. Mkutano ni Jumanne saa nne asubuhi. Rasimu ni ya Kiingereza kitupu. Kamati ya ushauri iliyoiandaa ina wahandisi, wasanifu majengo, wapimaji na mawakili. Fundi wa mawe hayumo. Nimekasirika, na nina sababu.

Kanuni za ujenzi za Kenya za 1968 tuliishi nazo zaidi ya nusu karne. Zilidai vifaa ambavyo mtu wa kipato kidogo hakuvimudu. Je, watu waliacha kujenga? Walijenga bila kupitisha ramani, na mkaguzi akija anapewa chai. Usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa liliporomoka mtaa wa Huruma, Nairobi, kando ya mto, likaua watu zaidi ya 40. Baadaye wakubwa wakasema lilikuwa limeshaamriwa kubomolewa. Kanuni zilikuwepo usiku ule.

Wazee wa Nakuru wanakumbuka Code 95, yaani marekebisho ya kanuni zile za 1968. Wataalamu, serikali na shirika la maendeleo la ITDG, ambalo leo ni Practical Action, walisukumana kwa miaka mpaka marekebisho yakachapishwa 1995. Badala ya kuamuru ukuta uwe wa kifaa gani, yaliuliza ukuta ufanye nini: usimame, uzuie maji, ustahimili moto. Matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa yakapata nafasi. Lakini kila baraza la mji lilipaswa kuzikubali kanuni hizo lenyewe, na mengi yalikaa kimya. Nakuru haikukaa kimya, na kule mafundi wenyewe waliingizwa kwenye kazi.

Kwa nini nang'ang'ania fundi? Chukua zege la slabu, yaani sakafu ya ghorofa. Mhandisi ataandika kwamba mbao na miti ya kushikilia ikae mpaka zege likomae. Nguvu ya zege kwa kawaida hupimwa siku ya 28. Ni kweli tupu. Ila fundi atakwambia mbao zile ni za kukodi, zinalipiwa kwa siku, na mwenye ploti anapiga simu kila asubuhi akiuliza zitatoka lini. Zinatolewa mapema. Kila mtu kwenye mjengo anajua, isipokuwa kamati. Kama fundi angekuwa mezani, rasimu ingeweza kusema kwamba mbao haziguswi kabla mkaguzi hajaweka sahihi, na mkaguzi afike ndani ya siku kadhaa zilizotajwa. Hicho ni kifungu kimoja tu, na kinaweza kuokoa roho za watu waliolala ghorofa ya chini. Hakuna shahada inayomfundisha mtu habari ya simu ya asubuhi ya mwenye ploti.

Nakubali, shingo upande, kwamba unene wa nguzo haupigiwi kura. Hesabu ni za mhandisi na zibaki kwake. Nakubali pia kwamba Kanuni za Kitaifa za Majengo za 2024, zilizoanza kutumika Machi 1, 2025, ni bora kuliko zile za 1968. Lakini ramani inapitishwa kwenye kaunti na ukaguzi unafanyika mtaani, kwa hiyo kamati ya mtaani ndiyo yenye kazi.

Wapangaji nao waitwe, na watu wenye ulemavu, maana ngazi wanazipanda wao.

Tarehe ya mkutano haijafika, kwa hiyo kaunti bado ina nafasi. Ihamishie mkutano Jumapili mchana, siku ambayo mjengo umelala. Itoe rasimu kwa Kiswahili. Fundi anayekaa kwenye kamati alipwe posho sawa na mhandisi, kwa sababu siku hiyo anapoteza kibarua. Na kila pendekezo litakalokataliwa lijibiwe kwa maandishi, sababu ikitajwa, kabla ya rasimu kufika kwenye bunge la kaunti.