Nilikuwa nasoma kuhusu furaha, simu ikaita

Kwenye droo yangu kuna madaftari matatu ya shukrani. La kwanza lina kurasa kumi na moja zilizoandikwa, la pili sita, la tatu mbili. Wiki iliyopita nilikuwa natafuta chaja, nikakutana nayo, nikakaa chini kuyasoma. Siku ya kwanza mwandiko umenyooka na sentensi zimekamilika: namshukuru fulani kwa jambo fulani, na sababu nimeitaja. Kufikia siku ya tano yamebaki maneno matatu, "uhai, afya, familia". Siku ya nane nimeandika "kama jana". Kama jana! Hapo sikuwa nashukuru tena, nilikuwa natia saini kitabu cha mahudhurio.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi wa vitabu vya hamasa na kujijenga. Sitavikejeli, maana vipo vilivyonifaa. Ila kuna jambo nimeligundua kwa kuchelewa: kukisoma kitabu cha namna hiyo kuna utamu wake, na utamu huo unafanana mno na utamu wa kubadilika. Unapigia mstari sentensi, moyo unachangamka, unalala ukiamini kesho utaamka mtu mwingine. Mabadiliko umeshayaonja, basi ya nini tena kuyafanya? Vitabu vyangu vina mistari ya kalamu mpaka kwenye ukurasa wa arobaini hivi. Baada ya hapo kurasa ni safi kama zilivyotoka kiwandani, na kando yake kuna kitabu kipya.

Mchezo wenyewe ni mkongwe. Mwaka 1859 Mskoti mmoja, Samuel Smiles, alichapisha Uingereza kitabu alichokiita Self-Help, akakifungua kwa ile kauli kwamba Mungu huwasaidia wanaojisaidia. Kiligombewa. Mwaka huohuo, nchi ileile, mwanafalsafa John Stuart Mill naye alitoa kitabu chake kuhusu uhuru, lakini kwa habari ya furaha Mill ana kisa kinachonivutia kuliko hamasa yote ya Smiles. Akiwa na miaka 20, mwaka 1826, alijiuliza: kama yote ninayoyapigania yangetimia leo hii, ningefurahi? Nafsi ikamjibu hapana. Akazama kwenye giza la miezi mingi. Katika kumbukumbu za maisha yake, zilizotoka mwaka 1873 akiwa ameshafariki, anasema ukianza kujiuliza kama una furaha, furaha yenyewe inakatika. Wenye furaha, kwa maoni yake, ni wale ambao akili yao imeshikwa na jambo jingine: watu wengine, kazi, sanaa, chochote kisicho wao wenyewe.

Sasa fikiria mtu anayejiuliza swali hilo kila asubuhi, tena kwa kujipa alama kati ya kumi. Ndiye niliyekuwa mimi.

Kiswahili kina neno linaloeleza sehemu ya tatizo hili kuliko sura nzima za vitabu. Kukinai. Mtu aliyekinai ameridhika, ametosheka, hahangaiki na cha mwenzake. Lakini mtu aliyekinai pia ni yule aliyepata kitu mpaka kimemchosha, hataki hata kukiona. Neno moja, na kutoka maana moja kwenda nyingine ni hatua fupi tu. Watafiti wa saikolojia wamelizunguka jambo hilo kwa namna yao. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake wawili waliwahoji washindi 22 wa bahati nasibu Marekani, wakawalinganisha na watu wa kawaida. Furaha ya washindi haikuonekana kuzidi kwa maana yoyote, na vijiraha vidogo vya kila siku, kama kuzungumza na rafiki au kusikia kichekesho, viliwapa furaha kidogo kuliko wenzao. Kile kikubwa kilikuwa kimekimeza kile kidogo. (Utafiti huo unapenda kunukuliwa vibaya, eti hata waliopooza kwa ajali, ambao nao walihojiwa, walikuwa na furaha sawa na wengine. Hapana. Walijipa alama za chini kuliko wengine. Kilichoshangaza ni kwamba hazikuwa za chini kama ambavyo mtu angedhani.)

Hata shukrani hukinaiwa, na madaftari yangu ni ushahidi. Mwaka 2003 wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough walitoa matokeo ya majaribio yao ya kuandika shukrani, na lile la kwanza, lililochukua wiki kumi, liliwataka wanafunzi waandike mara moja tu kwa wiki, mambo yasiyozidi matano. Walioandika mema waliyaona maisha yao kwa jicho jema kuliko walioandika kero. Baadaye mwanasaikolojia Sonja Lyubomirsky na wenzake wakaona kuwa mara moja kwa wiki ilisaidia, mara tatu haikusaidia. Mimi nilikuwa naandika kila usiku, tena nikiwa na usingizi, kwa sababu kitabu kilisema "kila siku bila kukosa". Dawa nzuri, kipimo cha kufisha.

Halafu kuna hili neno "usawa", usawa wa kazi na maisha. Hapa ndipo waandishi wengi wa vitabu hivi wananikera. Picha wanayotupa ni ya mizani yenye sahani mbili zilizotulia kimo kimoja, kila siku, mchana na usiku. Mizani iliyotulia namna hiyo haijapimiwa kitu. Mwenye mtoto mchanga, mwenye mzazi mgonjwa, mwenye mtihani wiki ijayo, upande wake mmoja umeshuka na unapaswa kushuka. La kuuliza ni kama umeshuka miaka mitatu mfululizo bila kuinuka hata siku moja, na nani kaukalia. Maana si kila mara umeukalia wewe. Saa nane za kazi kwa siku hazikupatikana kwa watu kuamka alfajiri wakavuta pumzi ndefu. Wafanyakazi walizidai kwa miongo kadhaa, na mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani likazifanya mkataba wake wa kwanza kabisa: saa nane kwa siku, arobaini na nane kwa wiki, viwandani. Anayeshika vibarua viwili ili apate pango hahitaji kuambiwa apange vizuri asubuhi yake. Kumwambia hivyo ni kumwongezea mzigo wa tatu, wa kujilaumu.

Kwa hiyo nisome au nisisome? Nasoma. Ila siku hizi nasoma kimoja kwa muda mrefu, na nikikuta jambo linalonigusa nafunga kitabu hapohapo. Nalifanya wiki mbili ndipo nafungua tena. Mwendo ni wa kinyonga, na kuna jambo moja, la kuacha simu chumba kingine usiku, limenichukua miezi miwili na bado naiba. Sijipi alama.

Kilichonifikisha hapa si hekima, ni aibu. Jioni moja nilikuwa kwenye sura inayoeleza utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, ule ulioanza mwaka 1938 na kuwafuatilia watu maisha yao yote, ambao wasimamizi wake wanasema uhusiano mwema na watu ndio uliowaweka wengi wao kwenye afya na furaha uzeeni. Nilikuwa napigia mstari. Simu ikaita, dada yangu.

"Dada, nikupigie baadaye? Kuna kitu namalizia."

"Haya mdogo wangu, malizia."

Nikarudi kwenye sura ya umuhimu wa kuwa karibu na ndugu. Nikaimaliza. Sikumpigia.

Yalipita majuma matatu ndipo alipopiga tena. Aliongea kwa kirefu kuhusu paka wake aliyesusa kulala ndani, na jirani anayedai paka ni wake, na ushahidi wa pande zote mbili. Katikati akakumbuka, akaniuliza siku ile nilikuwa namalizia nini cha maana namna hiyo. Nikamwambia kitabu. Akauliza kinahusu nini. Nikamwambia. Alicheka mpaka akakohoa, akaweka simu chini, na nilimsikia kwa mbali akimsimulia mtu mwingine.