Pakacha likivuja, mchukuzi analipwa

Jumapili moja tulisimama soko la Kibuye tangu alfajiri, vijana sita wenye fulana za kijani, tukiandikisha mama mboga. Kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi hapa Kisumu ilikuwa na programu ya simu ya kuagiza nyanya, vitunguu na kabichi kwa bei ya jumla, mzigo uletwe na boda hadi kibandani. Ukijiandikisha unapewa 50 bob za kuagizia. Kijana aliyekuandikisha naye ana chake kwa kila jina. Jioni bosi alituma grafu kwenye kundi la WhatsApp. Mstari ulikuwa umepanda kama barabara ya Riat.

Wiki tatu baadaye nilitumwa Nyalenda kuuliza mbona maagizo hayaongezeki. Mama mmoja akanionyesha simu yake. Programu haimo.

"Nyathina, mwanangu, nilikula ile hamsini, halafu nikaifuta programu. Simu ilikuwa imejaa."

Bei ilikuwa mbaya? La, bei ilikuwa nzuri. Ila nyanya zilifika saa nne, na wenye hoteli jirani hununua saa kumi na mbili unusu. Za chini ya kreti zilikuwa zimepasuka. Alipopiga simu kulalamika, alipokea mtu wa Nairobi akamwomba namba ya agizo. Hapo alicheka sana. Nilinunua nyanya za hamsini, akatupia mbili za nyongeza.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Huo ndio uliokuwa mfumo wetu wa malipo. Mama akifuta programu, kijana wa fulana hapotezi kitu. Meneja wa masoko alipimwa kwa idadi ya majina, na bosi alikuwa na grafu ya kuwaonyesha wawekezaji. Kilichomwagika njiani hakikuwa cha mtu. Kwa hiyo naona wanaodai kwamba kampuni changa hazijui thamani ya mteja anayerudi wanazisingizia. Zinajua sana. Ni vile tu hakuna anayelipwa kwa kumrudisha.

M-Pesa ilipoanza Machi 2007, wakala hakupewa ujira wote wa kusajili mtu papo hapo. Sehemu alipewa mteja akisajiliwa, na iliyobaki mteja akiweka pesa kwa mara ya kwanza. Jambo dogo, lakini lilimfanya wakala amsubiri mtu yuleyule kesho. Huko Marekani, Homejoy iliuza usafi wa nyumba kwa dola 19 mara ya kwanza, wengi wakaonja ofa wasirudi, na mwaka 2015 ikafunga. Hata mzigo wa mamilioni ya dola humwagika.

Sisemi tusitafute wateja wapya. Vibanda hufungwa, watu huhama, wengine hurudi ushago. Usipoongeza, utabaki na orodha inayozeeka. Swali ni lini uongeze. Mimi siku hizi huangalia jambo moja. Nachukua walioingia wiki moja, siwachanganyi na wengine, nahesabu wangapi bado wanaagiza wiki ya pili, ya nne, ya nane. Idadi ikishuka hadi karibu inaisha, ficha fulana na uende ukaangalie lori linaondoka saa ngapi. Ikishuka kisha ikatulia mahali, hata kama ni pa chini, una watu wanaokuhitaji kweli, na hapo pesa ya matangazo haiendi bure. Jumla ya walioandikishwa haikuonyeshi haya, kwa sababu jumla haijui kushuka.

Kwetu, kundi la Kibuye liliisha kabla ya mwezi.

Nilipendekeza nusu ya malipo ya kijana isubiri agizo la tatu, lile ambalo mama analipia kwa pesa yake mwenyewe. Tulibishana karibu wiki nzima. Meneja wa masoko alisema nitaua moyo wa vijana, na hakukosea kabisa: wawili waliacha kazi siku ileile tuliyotangaza. Kati ya wanne waliobaki, Jumatatu iliyofuata, nilikuta mmoja amekaa kwenye ngazi za ofisi, fulana begani, akimpigia dereva: "Buda, bado uko Ahero? Saa hii?"