Ruaha Mkuu: serikali ikalie kiti gani kwenye kamati?

Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mwaka 1993. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi kuwa ifikapo 2010 mto utatiririka mwaka mzima. Haikuwa hivyo. Mwaka 2017 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua mjini Iringa kikosi kazi cha kuuokoa. Na kila kunapoundwa kamati ya kuunusuru mto huu, ubishi ni uleule: taasisi za serikali ziingie, na zikiingia zikae kama nani?

Wanaotaka ziingie wana hoja nzito. Jumuiya ya Watumia Maji inaweza kupanga zamu na kumtoza faini anayefungulia maji usiku, lakini haina ubavu wa kwenda kufunga banio (kizuizi cha mtoni kinachoelekeza maji kwenye mfereji) la shamba kubwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imeweka vibali mikononi mwa Bodi ya Maji ya Bonde, hapa ikiwa Bonde la Rufiji. Katazo la kufanya shughuli ndani ya mita 60 za chanzo cha maji, lililomo kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004, nalo linahitaji mtu mwenye mamlaka ya kumfikisha mkaidi mahakamani. Kamati ya wanakijiji watupu itaishia kuandika mihtasari.

Tatizo ni kwamba serikali haiji Usangu, bonde la mpunga lililo juu ya mto huu, ikiwa mtu baki. Nayo inatumia maji. Mashamba ya mpunga ya Mbarali na Kapunga yalikuwa ya shirika lake la kilimo na chakula, NAFCO, kabla ya kubinafsishwa. TANESCO inayasubiri maji hayohayo kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera (megawati 80) na Kidatu (megawati 204). TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, inayataka kwa ajili ya wanyama, na wenye dhamana ya kilimo wanataka mpunga uongezeke. Kila taasisi inakuja na hesabu yake, kisha zote zinamgeukia mwenye kinyungu, yaani kibustani cha bondeni, au mfugaji.

Tazama mabanio. Mkulima wa Usangu alikuwa akikinga maji kwa miti, mawe na matope. Banio la namna hiyo linavuja, na maji yaliyovuja ndiyo yaliyomfikia mwenzake wa chini. Ikaja miradi ya serikali na wafadhili, yakajengwa mabanio ya zege yenye milango ya chuma. Kwenye ripoti huo ulikuwa uboreshaji. Mtoni, wakati wa kiangazi, aliye juu akapata uwezo wa kuyachukua karibu maji yote. Watafiti waliofanya kazi Usangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, waliliandika jambo hili. Waliandika pia juu ya ada za vibali: aliyelipia akajiona ana haki ya kuchukua maji hata mto ukiwa umepungua, na zamu za jadi zikadhoofika.

Mwaka 2006 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Ihefu, ardhioevu ya Usangu, kwa hoja ya kuokoa mto, wengine wakapelekwa hadi Lindi. Mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu likaingizwa kwenye Hifadhi ya Ruaha. Mto uliendelea kukauka. Mwanakijiji wa Mbarali anayesita kukaa meza moja na TANAPA anayo sababu, na si haki kumwita mpinga uhifadhi.

Watafiti wale walikuwa na mchezo ninaoupenda sana. Ubao ulioinama umechorwa bonde la mto. Gololi zinamiminwa upande wa juu, na wachezaji wanaweka vijiti kuzielekeza mashambani mwao. Wa juu wanajaza, wa chini wanakosa, kisha wanabadilishana nafasi na kuzungumza. Pale kila mtu anaona nani amekinga gololi ngapi.

Hicho ndicho ninachotaka kwa taasisi za serikali. Ziingie kama wajumbe wenye maslahi, kila moja ikitaja mbele ya wote inataka maji kiasi gani, mwezi gani, kutoka mto upi. Uenyekiti ubaki kwa watumia maji. Najua hofu iliyopo: mwenyekiti mwenye majaruba (vipande vya shamba la mpunga) mengi huko juu anaweza kujipendelea, na Mkuu wa Wilaya asiwasikilize. Ni hofu ya kweli, ndiyo maana Bodi ya Bonde ibaki na mamlaka ya vibali, na vipimo vyake vya maji visomwe kila kikao kwa lugha ambayo mtu wa Madibira anaielewa. Na anayetumwa awe na uwezo wa kuamua. Afisa anayekuja kusaini posho na kusema "nitalifikisha kwa wakubwa" anarudisha nyuma kazi ya watu waliotembea tangu alfajiri kuja kikaoni.

Ajenda ya kwanza iwe mabanio yanayoachwa wazi baada ya mavuno, mto ukiwa umepungua na mpunga umeshavunwa. Yaorodheshwe moja moja, kuanzia Mto Mbarali, Kimani na Ndembera, na yale yaliyojengwa kwa fedha za serikali yawe ya kwanza kufungwa.