Shetani Hakunipitia, Nilimpa Kiti

"Shetani tu alinipitia." Sijui kama kuna udhuru mtamu kuliko huu. Mtunza ghala kauza mifuko ya saruji ya mwajiri wake, mjomba kala hela ya msiba, dada kaitembeza siri ya shoga yake mpaka mtaa wa tatu. Ukiwauliza, wote jibu lao ni hilo. Alinipitia. Kama daladala vile: ulikuwa umesimama zako kituoni, huna hata safari, likaja likakuzoa.

Na mimi nimeutumia sana. Niliuacha mwaka nilipokuwa mweka hazina wa jumuiya.

Jumuiya yetu ndogo ndogo husali Jumamosi alfajiri, nyumba kwa nyumba, na michango huwekwa kwenye kisahani mezani, kando ya msalaba. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu, kuandika kwenye daftari, kisha kuzihifadhi zile hela kwenye simu. Mwezi huo tulikuwa tunachangia sikukuu ya somo wa jumuiya, yaani mtakatifu msimamizi wetu, na simuni mlikuwa na shilingi 84,000 za watu. Zangu mwenyewe zilikuwa 1,200. Usiku mmoja, saa tano na kitu, mama watoto kalala kageukia ukutani, goli la dakika ya 88 likanichania mkeka wa timu saba. Sita zilikuwa zimeshatiki. Asiyewahi kubeti hawezi kuujua uchungu wa timu ya saba. Hapo nikasikia hoja, tena kwa sauti yangu mwenyewe, ya upole kabisa: ati hizi hela si zinakaa tu humu mpaka sikukuu?

Nikatoa 5,000. Nilijiambia nimekopa. Kufika Ijumaa nilikuwa "nimekopa" 35,000.

Sasa niambie, hapo alinipitia wapi? Namba ya siri naijua mimi, tarakimu nne, na nilizibonyeza kwa kidole changu. Mara moja nilikosea kwa haraka nikarudia, maana yake nilipewa nafasi ya kufikiri mara mbili. Kama shetani alikuwepo, na mimi naamini alikuwepo, basi hakupita. Nilimvutia kiti, akakaa, tukazungumza.

Kuzungumza ndiko kulikonimaliza. Fungua Mwanzo sura ya 3 katika Biblia ya Kiswahili uone neno la kwanza la nyoka ni lipi: "Ati!" Hakuja na moto wala pembe. "Ati! Hivi ndivyo alivyosema Mungu, Msile matunda ya miti yote ya bustani?" Swali la pembeni, la mtu anayetaka tu kufahamu. Na Hawa, kwa adabu zake, akamjibu, akamsahihisha, akamfafanulia. Ndipo mazungumzo yakaanza, na aliyeyaanzisha alikuwa anajua yatakapoishia. Linganisha na Yesu jangwani. Naye alishawishiwa mara tatu, na mara zote tatu alijibu kwa mstari wa Kumbukumbu la Torati, akanyamaza. Hakufafanua. Papa Fransisko alirudia jambo hili mara nyingi katika mahubiri yake: na shetani hatujadiliani.

Katekisimu, kile kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, kwenye namba 2847, inatenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: kushawishiwa na kukubali. Wazo kukujia si dhambi. Nasema hivi kwa sababu nawajua watu wema wanaojitesa kwa kila taswira iliyopita kichwani wakati wa rozari, na nawajua wengine, mimi nikiwamo, ambao hawajitesi kabisa hata baada ya kubonyeza namba ya siri. Yakobo naye, katika waraka wake, hakumwachia shetani mzigo wote: "kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe."

Nilirudisha zile hela. Nilikopa kazini, safari hii kwa kweli, na Jumamosi daftari na simu vilisomana. Hakuna aliyejua. Nikaona nimeponea.

Kumbe ndipo nilipozama. Nilikwenda kuungama Jumamosi ile ile jioni, nikapanga foleni na wazee wangu, na nilipopiga magoti nikasema kwamba nimetumia vibaya muda wangu kwa ajili ya michezo. Muda! Padre akanipa kitubio, nikasali, nikatoka mwepesi kama mtu aliyelipa deni kwa noti bandia. Wiki tatu baadaye nilirudia, na safari hii nilianzia 10,000.

Miaka mia tano iliyopita aliishi mwanajeshi mmoja wa Kihispania aliyevunjwa mguu na mzinga huko Pamplona, mwaka 1521. Akiwa kitandani anauguza mguu alianza kuyachunguza mawazo yake: yapi yanamwacha na amani, yapi yanamwacha mkavu. Huyo ndiye Mtakatifu Inyasi wa Loyola, na kutokana na uchunguzi ule aliandika kanuni za kupambanua roho ambazo mapadre wanafundishwa mpaka leo. Mbili kati ya hizo zilinisoma kama daktari anavyosoma kipimo. Moja inasema adui hufanya kama kamanda anayeizunguka ngome, anakagua kuta zote, kisha anapiga pale palipo dhaifu. Nyingine inamfananisha na mhuni anayemtongoza binti wa watu. Mhuni yule jambo analolitaka kuliko yote ni siri. Usimwambie baba. Usimwambie mtu. Siku binti akisema nyumbani, mhuni anajua kazi imekwisha.

Niliposoma hivyo nililiona daftari langu lililosomana vizuri, na nikaelewa ni nani aliyekuwa ananisaidia kulisomanisha.

Nikarudi kuungama. Nikataja hela za jumuiya, nikataja kiasi, nikataja mikeka. Nilitegemea hotuba. Padre alikaa kimya kidogo akauliza, "Simu unailaza wapi?"

"Mezani, Padre. Pembeni ya kitanda."

"Iwe inalala sebuleni. Na nyumbani anajua nani?"

"Hakuna, Padre."

"Basi mwanangu, bado uko naye peke yako."

Nilivunjika moyo kidogo, nakiri. Nilitaka silaha za Waefeso sura ya 6, dirii na ngao na chapeo, nikapewa ushauri wa mahali pa kuweka chaja. Lakini ule ndio ulikuwa ukuta wangu dhaifu, na kamanda alikuwa anaujua kabla ya Padre. Nilipomwambia mama mwenyekiti wa jumuiya kwamba naomba hela zitunzwe na mtu mwingine, na nikamweleza kwa nini, mikono ilitetemeka kuliko siku ya ndoa yangu. Hakunifokea. Alisema, "Ahsante kwa kusema mapema," na nikaona aibu zaidi kwa sababu haikuwa mapema.

Mababa wa jangwani, wale wamonaki wa kale, walijua kila mtu ana saa yake. Evagrius, mmonaki aliyefariki Misri mwaka 399, aliorodhesha mawazo manane yanayomshambulia mtu, ambayo baadaye Papa Gregori Mkuu aliyapanga upya yakawa ile mizizi saba ya dhambi tuliyokaririshwa kwenye mafundisho. Uvivu wa roho aliuita pepo wa mchana, na akautajia muda: unaanza saa nne, unamzingira mmonaki mpaka saa nane. Wenzetu wanaosoma kwa saa za Kizungu inabidi wapige hesabu kwanza. Mswahili anaelewa papo hapo, maana saa za Evagrius ni saa zetu. Anasimulia jinsi jua linavyoonekana halisogei, siku inakuwa kama ina saa hamsini, mmonaki anachungulia dirishani kila dakika kuona kama saa tisa ya kula imefika, kisha anaanza kuwaza kwamba ndugu zake hawampendi. Yeyote aliyewahi kukaa ofisini baada ya chai ya saa nne amemfahamu pepo huyo, ila siku hizi dirisha la kuchungulia tunalishika mkononi.

Evagrius aliandaa pia mistari ya Maandiko kwa kila wazo, kwa mfano wa Yesu jangwani, ili mtu ajibu bila kuingia kwenye mazungumzo. Mimi nina wangu mmoja tu, Luka 16:10: "Aliye mwaminifu katika lililo dogo sana, huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia." Saa yangu ni saa tano usiku.

Nayasema haya kwa sababu naona vita vya kiroho vimekuwa maneno ya kelele. Tangazo la mkesha likiwekwa, mabenchi hayatoshi. Foleni ya kitubio Jumamosi tunajikuta sita, na wanne kati yetu ni wale wale. Watu wanabeba madumu ya maji yabarikiwe, wanauliza mafuta na chumvi, anayekohoa anatafutiwa pepo wa kikohozi. Siyadharau maji ya baraka, nyumbani kwangu yapo mlangoni. Ila visakramenti, yaani vitu vilivyobarikiwa kama hivyo, vipo ili vituandae kupokea neema. Ukiivaa rozari kama hirizi umebadilisha duka tu, bidhaa ni ile ile. Na Kanisa lenyewe lina tahadhari kuliko waumini wake. Kupunga pepo kirasmi ni kazi ya padre aliyepewa ruhusa na askofu, na Katekisimu inataka kwanza ijulikane kwamba si ugonjwa. Maagizo ya Roma ya mwaka 2000 kuhusu sala za kuomba uponyaji yanakataza wazi vurugu za hisia na maigizo, hasa kwa wanaoongoza. Hata padre Gabriele Amorth, aliyepunga pepo Roma kwa miaka mingi mpaka alipofariki mwaka 2016, alikuwa akisema shetani huumia zaidi anaponyang'anywa roho kwa kitubio kuliko anapoondolewa mwilini mwa mtu.

Na aliyenaswa kabisa na kamari aende pia kwa mtaalamu. Neema haijawahi kugombana na hospitali.

Kuna ulinganifu mmoja unaonigusa. Mwaka 1886 Papa Leo XIII aliagiza sala ya Malaika Mkuu Mikaeli isaliwe mwishoni mwa Misa za kawaida. Mwaka huo huo, tarehe 3 Juni, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo, Uganda. Wale vijana hawakupambana na pepo wa kupiga mayowe. Walikuwa wahudumu katika jumba la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, na kishawishi kilikuwa kazini kwao, kila siku, kutoka kwa bosi. Lwanga, aliyekuwa mkuu wao, aliwaweka pamoja, akawafundisha, na kifo kilipokaribia akawabatiza mwenyewe waliokuwa hawajabatizwa, Kizito akiwemo. Hakumwacha yeyote abaki na mfalme peke yake. Sala ya Mikaeli ilikuja kuondolewa kwenye mwisho wa Misa katika mabadiliko ya miaka ya 1960, na Yohane Paulo II mwaka 1994 akatuhimiza tusiisahau. Mimi huisali. Lakini nikiisali namwona Lwanga kuliko upanga wa Mikaeli.

Sala ninayoitegemea zaidi, hata hivyo, ni fupi kuliko hiyo, na nimeisema tangu nikiwa na kaptula bila kuisikia. Usitutie katika kishawishi, lakini utuopoe maovuni. Waliotutafsiria Baba Yetu ya Kikatoliki walichagua neno la kisimani. Huopolewi barabarani. Unaopolewa ukiwa umeshatumbukia, kama ndoo iliyokatika kamba, na kijijini kwetu aliyetumbukia kisimani alikuwa na kazi moja tu, kupiga kelele ajulikane yuko wapi. Mimi nilikaa kisimani wiki nyingi nikiwa kimya, nikilinda heshima yangu.

Mama watoto nilimwambia mwisho, ndiye niliyemwogopa kuliko wote. Alilia kidogo, akanuna siku mbili, kisha akahamisha meza ya simu yeye mwenyewe, akaiweka sebuleni chini ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Sijui kama alikusudia.

Luka anasema Ibilisi alimwacha Yesu "kwa muda", na nimelifahamu neno hilo. Wiki iliyopita simu ililia saa tano kasoro. Nikaamka, nikaenda pekupeku kwenye saruji ya baridi, nikasoma: mteja wetu tumekukumbuka, tumekuwekea 1,000 ya bure, tabiri sasa. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ningependa kukiri.

"Nani huyo?" mama watoto akauliza kutoka chumbani.

"Wale wa mikeka."

"Wanasemaje?"

"Wamenipa elfu moja ya bure."

Akacheka gizani. "Waambie tumelala."