Wazee Nao Wana Maswali

"Shosho, hayo ya maji tumwachie Mungu. Kwanza njooni tupige picha."

Hivyo ndivyo alivyojibiwa mama mmoja wa kikundi chetu cha wastaafu wiki jana, tukiwa juu ya Baboon Cliff, Ziwa Nakuru limetandaa chini yetu. Swali lake lilikuwa fupi: maji yote haya yametoka wapi? Aliyemjibu ni kijana wa shirika lililotupeleka, kijana mwenye adabu zake, shati limepigwa pasi. Sina ugomvi na dini. Mimi mwenyewe namwachia Mungu mambo mengi, likiwemo goti langu la kushoto. Lakini ukinitoa nyumbani alfajiri kwa tangazo la "Ziara ya Mafunzo ya Mazingira kwa Wazee", halafu swali la kwanza la mazingira unalielekeza kanisani, usishangae nikinuna. Na bado nimenuna.

Mafunzo yenyewe yalikwenda hivi. Hema lilishasimikwa, viti vya plastiki vimepangwa, tukaketishwa kabla hata hatujanyoosha miguu. Zikaja hotuba. Kila mgeni alimshukuru mgeni mwenzake. Kisha kipaza sauti kikaletwa upande wetu: "Sasa wazee wetu, tupeni hekima. Zamani mlitunzaje mazingira?" Akasimama mzee mmoja ninayemfahamu vizuri. Amekaa mjini Nakuru tangu ujana wake, akitengeneza breki za malori. Mazingira aliyoyatunza ni gereji. Lakini alijua kinachotakiwa, akawapa: mugumo usioguswa na shoka, chemchemi zilizoogopwa, mababu walioishi kwa amani na wanyama. Makofi. Simu zikarekodi. Tulipokuwa tunapanda basi akaninong'oneza, "Mimi nilitaka tu kujua kwa nini ile miti mle majini imekufa imesimama."

Ile miti ni migunga, ile yenye gome la manjano. Inapenda maji, ndiyo maana inaota kando ya ziwa, lakini mizizi ikizama miaka nenda miaka rudi inakosa hewa, na mti unafia palepale ulipo. Basi. Ni maneno ya dakika moja, na mzee wa watu amerudi nyumbani bila hayo.

Kuna heshima ambayo kazi yake ni kukunyamazisha. Unaitwa mzee wetu, unapewa kiti cha mbele, unaombwa baraka na hekima, na hakuna anayewaza kwamba kuna mambo huyajui na ungependa kuyajua kabla hujafa. Nilipokuwa nafanya kazi posta, zilipita mikononi mwangu bahasha nene za watu waliokuwa wakisoma kwa barua, masomo yakitoka Uingereza, majibu yakirudi huko. Niliwaonea wivu kweli. Mimi nilikuwa na watoto, karo na mama mkwe. Leo watoto wana wao, karo imekwisha, na mama mkwe amepumzika kwa amani. Nafasi ninayo. Miwani ninayo. Kalamu na daftari nilibeba hadi juu ya lile jabali, na sikuandika hata mstari mmoja.

Wala msiniambie sayansi ni nzito kwa shosho. Hebu tujaribu hapahapa.

Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Njoro, Makalia na Nderit inaleta maji, hakuna unaoyapeleka kwingine. Maji yakitaka kuondoka, njia yao kubwa ni kupanda angani kama mvuke. Ni sufuria jikoni: ukiongeza maji kuliko yanayopotea kwa mvuke, yatapanda; ukiacha kuongeza, yatakauka na chumvi itabaki chini. Aliyewahi kuchemsha githeri ameshaelewa nusu ya habari. Nusu ya pili iko huko juu. Tangu mwaka 2010 au hapo karibu, mvua zimekuwa nyingi kuliko ilivyozoeleka, na sehemu kubwa ya msitu wa Mau imekatwa, kwa hiyo udongo uliokuwa ukiyanywa maji taratibu sasa unayaachia yateremke pamoja na tope. Ripoti ya serikali ya mwaka 2021 kuhusu maziwa ya Bonde la Ufa iliitaja mvua kuwa chanzo kikubwa, ikayataja pia matumizi ya ardhi. Ziwa letu likatoka takriban kilomita za mraba 40 hadi karibu 70. Lango kuu la zamani la mbuga likamezwa pamoja na ofisi zake. Kule Mwariki na Barut watu wakahama na magodoro kichwani.

Ndiyo hayo. Nimetumia dakika ngapi? Na yule mama asingeishia hapo. Ninamjua. Angeuliza swali la pili: je, flamingo wameenda wapi? Na hapo ndipo somo lingenoga, kwa sababu jibu linatoka ndani ya jibu la kwanza. Flamingo wadogo wanakula mwani unaopenda maji ya magadi, mwani wa ukoo mmoja na ile spirulina inayouzwa madukani kama dawa ya nguvu, na rangi yao ya waridi inatoka kwenye chakula hicho. Maji ya mvua yakiingia kwa wingi, magadi yanazimuliwa, mwani unapungua, nao wanaruka kwenda Bogoria au kwingine kwenye meza iliyotandikwa. Wanakuja, wanaondoka. Kutaga wanakwenda mbali zaidi, Ziwa Natron, ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Maji yakipungua chumvi wanakuja samaki, na wavuvi nyuma yao, na serikali nyuma ya wavuvi ikionya kuhusu madini yenye sumu. Na wale mwari wanene tunaowapiga picha? Waliongezeka baada ya binadamu kuleta visamaki kutoka Magadi miaka ya 1950 na 1960, vije kula viluwiluwi vya mbu. Mtu alitaka kupunguza mbu akapata mwari! Wazee wangecheka mpaka Lanet.

Badala ya hayo tulipewa fulana.

Nitakiri kidogo, kwa shingo upande: kumbukumbu zetu zina kazi. Katikati ya miaka ya 1990 ziwa lilikaribia kukauka kabisa, na wengi wetu tunakumbuka ule weupe mahali palipokuwa na maji. Kijana aliyezaliwa juzi anadhani ziwa limekuwa likipanda siku zote. Lakini kumbukumbu bila maelezo ni kisa tu cha kumfurahisha mjukuu. Ungetaka kunitumia vizuri, ungeniambia kwanza sufuria inavyofanya kazi, kisha uniulize niliona nini na mwaka gani. Hapo nitakujibu kama shahidi. Siyo kunikabidhi kipaza sauti na kungoja methali.

Mkitaka kujua mahali pa kuanzia, si lazima mbuga. Hyrax Hill iko pale barabarani kuelekea Nairobi, matatu ya Lanet inakushusha karibu, na wakazi wengi wa mji huu wanapita kila siku bila kugeuza shingo. Mary Leakey, yule mtaalamu wa mambo ya kale, alichimba pale kuanzia mwaka 1937. Kuna makaburi ya kale, kuna mabaki ya makazi, na kuna jiwe lililotobolewa vishimo vya bao, safu juu ya safu, laini kwa kidole. Hakuna mzee anayelitazama jiwe lile bila kuinama na kuanza kuhesabu, na kubishana kama lilikuwa bao la namna gani. Lakini kilichonikalia kichwani siku niliyofika huko ni kingine: maelfu ya miaka iliyopita, maji ya ziwa yalifika mpaka kwenye miguu ya kilima hicho, Nakuru na Elmenteita zikiwa ziwa moja kubwa. Simama pale juu, utazame mji ulivyo sasa, mabati na maghorofa hadi ukingoni, halafu ujiulize nani amemfuata mwenzake, ziwa au sisi. Mwenye plot Mwariki hatafurahia falsafa hiyo, najua. Hata hivyo ni somo, na linafika kwenye mfupa kuliko hotuba yoyote.

Vyoo. Lazima niseme. Mkiandaa safari ya watu wa miaka 60 na kuendelea, vyoo vije kabla ya bango. Wanaume wa kikundi chetu hawatasema kwa nini basi lisimame tena, nitawasemea. Na tukiwa hapo, kule Mau na Kakamega kuna mti unaoitwa muiri, ambao dawa inayotokana na gome lake huuzwa Ulaya kwa ajili ya tezi dume iliyovimba. Ulichunwa ovyo hadi biashara yake ikawekwa chini ya masharti ya kimataifa mwaka 1995, maana ukiuzungushia panga mti hufa. Mwambie mzee habari hiyo mbele ya mti wenyewe uone kama atasinzia.

Mwendo uwe wa polepole. Anayefundisha asimame anakoonekana mdomo, maana masikio yetu nayo yamestaafu. Na ile ya kutupandisha miche ili mpate picha, nawaomba tuache. Tumeambiwa miti bilioni 15 ifikapo 2032, tukapewa hata siku ya mapumziko Novemba 13, 2023, tukapanda. Nani alirudi kumwagilia?

Kuna watakaosema Kenya ina matatizo makubwa kuliko shosho kutojua mwani. Kuna wazee wanaongoja elfu mbili za Inua Jamii, ile posho ya serikali, ambazo hazifiki kwa wakati, nami nataka mafunzo ya ndege? Ndiyo, nataka. Kifungu cha 57 cha Katiba kinazungumzia haki ya wazee kutunzwa, lakini kabla hakijafika huko kinataja haki yao ya kujiendeleza. Kujiendeleza, baada ya miaka 60, imeandikwa pale kwa wino. Maruge alipoingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004, na miaka yake 84, tulimpigia makofi nchi nzima, dunia ikaja na kamera. Kisha tukamfanya ajabu ya dunia, badala ya kujiuliza ni wangapi kama yeye wamekaa uani wakitazama kuku.

Na haihitaji bajeti ya kutisha. Nairobi, shirika la Nature Kenya lina matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, yaliyoanza miaka ya 1970, na Fleur Ng'weno ameyaongoza kwa miongo kadhaa, mvi na yote. Hakuna hema wala mgeni wa heshima. Watu wanakusanyika na darubini, wanatembea, wanauliza, wanajibiwa. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, tena jiji lenye ziwa la urithi wa dunia mlangoni, na chuo kikuu cha Egerton kiko Njoro pale, kimejaa watu wanaojua majibu. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wanatafuta watu wa kufanyia mazoezi ya kufundisha. Sisi tupo, na hatutoroki darasa.

Nikubali jambo la mwisho kabla wenzangu hawajanisuta: si kila mzee anataka kusoma. Wapo waliokwenda kwa ajili ya pilau, na pilau ilikuwa nzuri, nami nilirudia sahani. Wapo waliopenda kukaa tu kivulini wakazungumza na watu wa rika lao, na mtu anayeishi peke yake hawezi kulaumiwa kwa hilo. Wakae. Sisi wengine mtupe mwalimu.

Kwa sasa tumeamua wenyewe. Hyrax Hill, siku ya katikati ya wiki kusipokuwa na wanafunzi wengi, kila mtu alipe nauli na kiingilio chake, aje na kofia na swali moja aliloandika. Yule mzee wa breki anakuja na maswali ukurasa mzima. Tangazo halijamaliza hata saa moja kwenye WhatsApp, tayari mtu ameuliza nani anapika. Nimemjibu kila mtu abebe chakula chake, na sasa hapokei simu zangu.